Aliyekwenda kutoa, akapokea



Watu wengi huuliza: mmonaki, yaani mtawa aliyejitenga ili asali katika upweke, ana haja gani na watu? Na wengine hudhani ya kuwa, akikutana nao, kazi yake ni kutoa tu: kufundisha, kulisha, kuponya. Tutazame maisha ya mtu mmoja, ndipo tujibu.

Charles de Foucauld alizaliwa Ufaransa mwaka 1858. Alikuwa askari, tena tajiri. Akaacha yote, akakaa na wamonaki Watrapisti tangu 1890 hata 1897. Mwaka 1901 alipewa upadri, akaenda Béni Abbès, katika jangwa la Sahara, nchi ya Aljeria. Alitafuta kimya, lakini kila siku maskini, wasafiri, askari na watumwa walibisha hodi mlangoni pake. Hakuwafukuza. Nyumba yake aliiita Udugu, na watumwa kadhaa aliwakomboa kwa fedha.

Mwaka 1905 alihamia Tamanrasset, kwa Watuareg, ambao ni Waislamu. Alijifunza lugha yao, akaandika mashairi na mithali zao. Kisha mvua ikakosekana, njaa ikaingia. Akawagawia watu chakula chake. Mwanzoni mwa mwaka 1908 akaugua, akawa karibu kufa, wala hakuwa na kitu cha kumpa mtu. Ndipo majirani wale maskini walipotafuta kila mbuzi mwenye maziwa kidogo, mwendo wa kilometa 4 kila upande, wakamletea anywe. Akapona.

Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Tamanrasset mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni.

Fikirini neno hili. Mwenye kutoa siku zote, asiyekubali kupokea, hukaa juu ya wenzake kama bwana. Huwapa chakula, lakini huwanyima heshima ya kuwa na kitu cha kumpa. Bwana wetu hakufanya hivyo. Kisimani alianza kwa kumwomba mwanamke Msamaria maji, ndipo akamwambia habari za maji ya uzima.

Msidhani ya kuwa twasifu uvivu. Mvivu hupokea ili asifanye kazi. Padri yule alifanya kazi mpaka nguvu zikamwisha, akapokea kwa sababu alikuwa mtu, na mtu hajitoshi.

Basi jibu ni hili: hata mtu wa sala anawahitaji watu, kwa maana Mungu humtunza kwa mikono yao. Charles aliuawa Tamanrasset tarehe 1 Desemba 1916; mwaka 2022 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu.

Nanyi, mkimsaidia mjane kulima shamba lake, naye akawaletea mihogo miwili, msiikatae mkisema, “Wewe ni maskini, kaa nayo.” Pokeeni kwa mikono miwili, mkamshukuru, mkaketi naye kidogo.