Alama kwa Mtu Nisiyemwona

Mjukuu wangu ni mkufunzi, na siku mbili kwa juma hufundisha kwa kompyuta akiwa sebuleni kwangu. Juzi nilimsikia akiuliza, "Mmenielewa?" Kiooni palikuwa na majina 42 na hapana uso hata mmoja, maana kuonyesha sura hula bando. Baada ya kitambo vikatokea vidole gumba 13. Akaendelea na somo. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa kuwa jambo hilo hilo nilipata kulifanya mimi, tena kwa njia ya posta.

Msomaji wa rika langu atakumbuka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, na walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa vijitabu vya posta na vipindi vya redio. Kwa njia hiyo, tangu 1976 hadi miaka ya themanini, nchi ilipata walimu makumi ya maelfu. Nami, mkufunzi kijana chuoni, nilikuwa miongoni mwa waliosahihisha majibu yao.

Siku moja yalinifikia majibu ya vijana wawili wa shule moja, yamefanana neno kwa neno. Hata kosa lilikuwa moja: katika kugawanya, wote walisahau kupindua sehemu ya pili. Nikaandika sifuri mbili kwa wino mwekundu, na chini yake, "Mmeibiana." Nililala usingizi mzuri.

Miezi minne baadaye nilitumwa kuwakagua. Nikakuta chumba kimoja, kibatari kimoja na kijitabu kimoja, kwa sababu cha pili hakikufika. Mmoja alisoma kijitabu darasani kama anayesoma tangazo. Mwenzake alikata muhogo nusu, akakata nusu ile mara mbili, akampa kipande mtoto wa nyuma kabisa na kumwuliza ameshika nini. Mtoto akanyamaza. Kijana akangoja, akaenda kwa wengine, akamrudia. Robo ilipotoka kinywani mwa mtoto yule, nilijua kwamba sifuri zangu hazikuniambia lolote juu ya yeyote kati yao.

Nikawauliza kwa nini hawakujitetea. Yule wa muhogo akaniletea karatasi yenyewe. Ilikuwa na nafasi ya maoni ya mkufunzi tu.

Kutoa alama ni kutoa ushahidi, na shahidi huulizwa aliona nini. Hata hivyo sisemi tumwamini kila mtu. Walikuwapo walioandikiwa na kaka zao, na cheti cha uongo hulipwa na watoto wa watu wengine kwa miaka thelathini. Siku hizi kaka huyo ni programu, wala hachoki. Wako wanaotaka kompyuta imchunge mwanafunzi hata macho yake yanapotazama. Mimi naona hiyo ni kazi ya askari. Hata ikifanikiwa, itatwambia kwamba hakuiba, haitatwambia kwamba anajua.

Mjukuu wangu amejaribu njia nyingine: humpigia kila mmoja simu kwa dakika tano, amweleze jibu lake mwenyewe kwa maneno mengine. Ndipo amewagundua wawili wasiojua walichoandika, na mmoja aliyeandika vibaya lakini anajua sana. Lakini dakika tano mara 42 ni saa tatu na nusu. "Babu, saa hizo nani atanilipa?" Sikuwa na jibu.

Kuhusu maoni yao juu yake, alizoea kuwapa dodoso lenye majina, kabla ya kutoa alama. Wote walimsifu, nani atamsema hakimu kabla ya hukumu? Nikamshauri aondoe majina na aulize swali moja tu: ni wapi ulipopotea? Waliojibu ni 31, na 19 kati yao walitaja mahali pamoja, pale alipodhani amefundisha vizuri kuliko kote. Jioni ile hakula.

Wale vijana wawili walirudia zoezi zima. Rejista ilikuwa imefungwa, nikaambiwa, nami sikushikilia. Zoezi la pili nilisahihisha mimi tena, wakapata alama nzuri, nikaweka tu saini. Nafasi ya maoni niliiacha tupu.