Picha Tuipendayo Kuliko Zote

Liko swali ambalo watu huulizana wakiwa wamepumzika jioni, nalo huonekana kuwa dogo: Katika picha zote za sinema ulizopata kuziona, ni ipi uipendayo kuliko zote? Mmoja hutaja picha ya vita, wa pili picha ya mapenzi, wa tatu ya kuchekesha. Kisha hubishana, na mara nyingine huachana wamenuniana. Siku hizi picha huonekana si mjini tu, bali hata vijijini, katika vibanda na katika simu za mkononi, na swali hili limeingia katika baraza zetu. Sisi twaona ya kuwa si swali dogo. Mtu asemapo, "Hii naipenda kuliko zote," amesema nini hasa? Tena, je, neno hilo lamlazimu jambo lolote?

Kwanza yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kupendeza ni jambo moja, na kuwa bora ni jambo jingine. Mwenye njaa husifu chakula chochote, wala hasemi uongo. Lakini sifa yake yatupa habari za njaa yake kuliko habari za chakula. Kadhalika mtu aliyeona picha fulani katika ujana wake, pamoja na rafiki zake, huweza kuipenda maisha yake yote kwa ajili ya siku ile na rafiki wale. Hapana kosa katika hayo. Kosa huanza pale atakapo watu wote waikiri kuwa bora, na kumdharau asiyeikiri.

Wako waliojaribu kuamua ubora kwa kuhesabu kura. Gazeti moja la Uingereza, liitwalo Sight and Sound, tangu mwaka 1952 huwauliza wajuzi wa sinema, kila baada ya miaka kumi, wataje kila mtu picha kumi anazoziona kuwa bora. Mwaka 1952 ya kwanza ilikuwa picha ya Italia, Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Kuanzia mwaka 1962 hata 2002, mara tano mfululizo, ya kwanza ilikuwa Citizen Kane ya Mmarekani Orson Welles, iliyotoka mwaka 1941. Mwaka 2012 ikapanda Vertigo ya Alfred Hitchcock. Na mwaka 2022, walipoulizwa watu zaidi ya 1,600, ya kwanza ikawa picha ya mwaka 1975 iliyotengenezwa na mwanamke wa Ubelgiji, Chantal Akerman. Jina la picha hiyo huanza kwa jina la mjane aliyemo, Jeanne Dielman, nayo kwa muda wa saa tatu na zaidi yamwonyesha akipika, akimenya viazi na kutandika kitanda, mpaka msiba unapotokea.

Hapo twajifunza jambo. Picha zenyewe hazikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watazamaji, na wale walioitwa kutoa shauri. Basi kura za wajuzi zafaa kutuonyesha mahali pa kutafuta, lakini haziwezi kupenda kwa niaba yetu. Mtu atajaye Citizen Kane kwa sababu wenye elimu wameitaja, hali moyoni ilimchosha, hakuwadanganya wenziwe tu. Amejinyima na njia ya kuujua moyo wake mwenyewe.

Lakini wako watakaosema, "Ikiwa ni hivyo, kila mtu na apende apendalo, maneno yaishe." Sisi hatukubali, na tutatoa mfano. Mwaka 1915 Mmarekani D. W. Griffith alitoa picha iitwayo The Birth of a Nation. Kwa ufundi ilikuwa kazi kubwa, na mafundi wa sinema hata leo huchungua jinsi alivyoziunganisha sehemu zake. Lakini picha hiyo iliwaonyesha watu weusi waliotoka utumwani kama wanyama wakali, na wengi wa hao "weusi" walikuwa wazungu waliopakwa rangi usoni. Nalo genge la Ku Klux Klan, lililowatesa na kuwaua watu weusi, likaonyeshwa kama waokozi wa nchi. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kiliipinga katika miji mingi. Mwaka ule ule genge hilo, lililokuwa limekwisha kufa, likafufuliwa katika jimbo la Georgia, na picha hiyo ikatumiwa kulipatia wanachama. Waliopiga makofi hawakuwa wao waliochomwa. Wahenga walisema, "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu."

Basi mtu aweza kusema kwa haki, "Aliyeitengeneza picha hii alikuwa fundi." Lakini akisema, "Naipenda kuliko zote," hapo ameacha kunena habari za ufundi. Ameungana na kitu. Kupenda ni kuwa upande fulani, na mwenye kupenda yampasa aangalie yu upande gani, na nani yuko upande wa pili akiumia.

Sasa tuitazame picha iliyo kinyume cha hiyo, ile ya Wezi wa Baiskeli, aliyoitengeneza Vittorio De Sica mwaka 1948 katika mji wa Roma, vita vilipokuwa vimekwisha na kazi hakuna. Antonio, mwenye mke na watoto, apata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini sharti awe na baiskeli. Yake iko rehani. Mkewe akusanya mashuka ya kitanda yawekwe rehani badala yake, baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli yaibwa. Siku ya Jumapili Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, wazunguka mji mzima wakiitafuta. Wamwona yule mwizi, lakini hawana ushahidi, na jirani zake wamtetea. Jioni, kwa kukata tamaa, Antonio mwenyewe aiba baiskeli ya mtu. Watu wapiga kelele, wamkamata, wampiga makofi mbele ya mtoto wake. Mwenye baiskeli amtazama yule mtoto alivyo, asema aachiliwe. Baba aenda akilia, na mtoto amshika mkono. Aliyekuwa Antonio hakuwa mwigizaji wa kazi; alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, jina lake Lamberto Maggiorani.

Wasomaji wetu wengi wana baiskeli, wajua maana ya kuipoteza. Tena wajua maana ya ukelele wa "Mwizi!" katika vijiji na masoko yetu, na jinsi watu wakimbiavyo na fimbo na mawe bila kuuliza. Picha hii haisemi kwamba wizi ni mwema. Yasema tu kwamba yule anayepigwa ana jina, ana mke, na huenda mtoto wake amesimama pembeni akitazama. Basi twauliza: Mtu aliyeitaja picha hii kuwa kipenzi chake, je, ukelele ukipigwa kesho, aweza kuokota jiwe kama jana?

Hapo ndipo tulipokuwa twaelekea. Picha ambayo sisi tungeitaja ya kwanza ni ya Mjapani Akira Kurosawa, ya mwaka 1952, iitwayo Ikiru, maana yake Kuishi. Mzee mmoja, Watanabe, ni mkuu wa idara katika ofisi ya mji wa Tokyo. Kwa muda wa karibu miaka thelathini amepiga mihuri juu ya karatasi, wala hakuna alilolitenda. Wanawake wa mtaa wa maskini waja kuomba dimbwi la maji machafu lifukiwe, watoto wapate uwanja wa kuchezea; wasukumwa kutoka dirisha hili hata dirisha lile, mpaka warudi pale walipoanzia. Kisha Watanabe agundua kwamba ana saratani ya tumbo, na miezi yake ni michache. Ajaribu pombe na anasa za usiku, asipate raha. Mwisho aikumbuka ile karatasi ya wanawake. Aanza kwenda ofisi hata ofisi, akiinama, akitukanwa, asiondoke mpaka neno litendeke. Uwanja watengenezwa, naye afia pale, usiku, theluji ikianguka, baada ya kuketi katika bembea akiimba.

Lakini sababu ya kuichagua si kifo hicho, ingawa machozi huja. Sababu ni yale yafuatayo. Katika matanga yake makarani wenziwe wanywa, wabishana, na hatimaye waitambua kazi yake. Walia. Waapa kwa sauti kuu kwamba tangu siku ile watafanya kazi kama yeye. Asubuhi yake waenda ofisini. Waja watu na shida yao. Na wale wale walioapa wawaambia waende dirisha jingine. Mmoja tu asimama kwa uchungu, kisha aketi tena nyuma ya rundo la karatasi zake.

Tumekuwa watazamaji kama makarani wale. Ni rahisi mno kulia mbele ya picha, na machozi yale hutudanganya kwamba tumekwisha kutenda jambo jema. Mtu hulilia shida ya maskini wa Tokyo, na mjane jirani yake amekuja mara tatu kuomba msaada wa kuandikiwa barua. Wazee husema, "Ahadi ni deni." Sisi twaona ya kuwa kusema "Picha hii naipenda kuliko zote" ni namna ya ahadi. Umeukiri wema fulani mbele ya watu, na waliokusikia wana haki ya kukuuliza.

Basi mkikaa tena barazani na swali lile likatokea, msibishane ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Mwulize mwenzako kwa nini aipenda ile yake, na umsikilize mpaka mwisho. Waulizeni na watoto, wala msiwacheke, maana katika jibu lao mtajua ni watu gani wanaotamani kufanana nao. Kisha kila mmoja na ajiulize mwenyewe, kimya kimya, ni jambo gani alilolitenda kwa ajili ya ile aipendayo. Kama hakuna, karatasi ya mjane yule ingalipo mezani.