Toka na Galatoni Lako, Mazimbu Ikusikie

Mdogo wangu wa Mazimbu, hapa Morogoro, wewe unayejifungia chumbani na gitaa ukingoja siku utakayopata mpiga bezi, mpiga ngoma na pesa ya studio, toka nje! Galatoni hilo moja, gitaa lako kavu, linatosha kuanzia.

Najua Morogoro imekulea kwa muziki wa bendi. Hapa Salum Abdallah alianzisha Cuban Marimba mwaka 1948. Hapa Mbaraka Mwinshehe aling'ara na Morogoro Jazz, wakafika hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Ni urithi mkubwa na ninauheshimu kwa moyo wote. Ila usiuruhusu ukuaminishe kwamba mtu mmoja na gitaa kavu ni nusu ya muziki.

Msikilize Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji uitwao Likasi siku hizi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, akiimba Kiswahili cha kwao. Dole gumba lilishika bezi, kidole cha shahada kikapiga solo, sauti ikapanda juu yake. Mtu mmoja! “Masanga”, aliyoirekodi mwaka huo, iliwafikia wapiga gitaa wa Afrika Mashariki wakahangaika kuiiga, na mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani.

Basi anza na dole gumba. Liache lipige peke yake, usiku baada ya usiku, mpaka litembee huku wewe unazungumza na mtu. Inachosha, na wengi huacha hapohapo. Wewe usiache.

Lakini chumba hakifundishi yote. Chumbani ukikosea unaanza upya. Mbele za watu unakosea na kuendelea, na mpigaji wa peke yake hujengwa na huko kuendelea, maana hana mwenzake wa kumfichia kosa. Uzi utakatika katikati ya wimbo. Bodaboda itapita ikinguruma, watu watapiga soga. Endelea! Angalia ni ubeti gani uliowanyamazisha, ukirudi nyumbani utafute ubeti huo ulibeba nini.

Wala usiniambie Mazimbu haina jukwaa. Kwenye lililokuwa shamba la mkonge, vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi walisoma katika chuo cha Solomon Mahlangu, na waliimba. Wako mbali na mama zao, hawajui watarudi lini, waliimba kwa makoo yao tu. Mwaka 1992 chuo kilikabidhiwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) iliyojaa vijana wa rika lako. Hao ndio wasikilizaji wako wa kwanza. Omba nusu saa kwenye sherehe yao, kwenye harusi ya jirani, hata pembeni ya kibanda cha chipsi, mwenye nacho akiridhia.

Tunga nyimbo tano zako mwenyewe. Imba habari za hapa: mama anayeshusha mboga kutoka Mgeta, kijana aliyemaliza chuo na bado anazungusha bahasha ya vyeti, milima ya Uluguru na mvua yake. Zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, jasho lako lisije likaliwa na wengine. Kisha Jumamosi hii, jua likipungua, beba stuli, kaza nyuzi, uanze hata kama wamesimama watu watatu. Jumamosi inayofuata rudi palepale na wimbo wa sita.