Ramadhani 12: Ujumbe Umesomwa, Haujajibiwa



Umemwandikia ndugu yako kuhusu ile hela aliyokopa. Alama zimegeuka buluu, kasoma. Saa nzima inapita, kimya. Ikifika adhana ya Magharibi umeshamhukumu: ana dharau, ananiona mjinga, na siku ile kwenye harusi si alinipita vilevile? Tende iko mdomoni, moyo unawaka. Hebu tulia kidogo. Ni jambo gani hasa limetokea? Ujumbe umesomwa. Basi. Mengine yote umeyatunga wewe, tena ukiwa na njaa.

Wasomi wa saikolojia wamebishana sana juu ya hili. Richard Lazarus, wa Marekani, alishikilia kuwa hisia hufuata tathmini: unalipima jambo kwanza, lina maana gani kwangu, ndipo hasira au huzuni inakuja. Robert Zajonc mwaka 1980 akaandika kinyume chake, kwamba hisia yaweza kutangulia, moyo ukashtuka kabla akili haijasema neno. Wakajibizana kwa miaka. Mimi naona kila mmoja kashika upande wake wa jambo, na mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yanagusa pande zote mbili. Mwenye hasira akiwa amesimama ameelekezwa akae, na isipoondoka, alale. Hapo hakuna hoja wala maelezo, unaanza na mwili. Lakini aliyefunga akitukanwa ameelekezwa aseme kwamba amefunga. Hii sasa ni fikra. Na angalia: ameandaliwa jibu kabla ya tusi kuja.

Jambo hili la kuandaa mapema alilieleza vizuri Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, katika kitabu chake cha maslahi ya miili na nafsi. Anasema kama vile mtu anavyoweka dawa nyumbani kwa dharura, basi wakati ametulia akusanye fikra njema za kumtuliza, azitumie hisia zitakapolipuka. Kwa sababu hasira ikishapanda, nani ataanza kutafuta dawa? Duka limeshafungwa.

Mfano wa dawa hiyo tunao. Uzushi ulipoenezwa juu ya Mama Aisha (r.a.), imepokewa kuwa Abu Ayyub alimuuliza mkewe: wewe ungeweza kufanya jambo kama lile? Akasema hapana, wallahi. Akamwambia, basi Aisha ni bora kuliko wewe. Tazama alivyofanya. Hakusubiri ushahidi wala hakuzunguka mji kuulizia. Alijipima yeye na mkewe kwanza, na moyo ukatulia. Na Qur'ani, katika Suratun-Nur aya ya 12, ikawalaumu waumini ambao hawakudhania wenzao kheri walipoisikia habari ile.

Sasa wewe mara ngapi umesoma ujumbe ukiwa kwenye daladala, ukasema nitajibu, ukasahau?

Dhana njema haifuti deni, tusichanganye. Hela yako idai, ila idai hela, usidai na dharau ambayo huna hakika nayo.

Na jambo moja dogo ambalo watu wetu wanaumizwa nalo. Al-Balkhi huyohuyo alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu, na hii ya pili akaihusisha na mwili na tiba yake. Kwa hiyo dada anayelia wiki nzima bila kujua kwa nini, usimwambie imani yake ndogo. Mpeleke hospitali, na umwombee.

Leo baada ya Alasiri, kabla njaa haijakubana, andika sentensi moja utakayoitumia siku ukiudhiwa. Iwe fupi, iwe yako. Ibandike pale unapochaji simu.

Darsa ya kesho ni baada ya Alfajiri, in shaa Allah.