Nyumba Mnazozichoma Mara Mbili

Ole wenu mnaojenga hapa kwetu Igwachanya kwa ajili ya macho ya wapita njia! Nyumba mnaielekeza barabarani ili anayepita na basi aione, wala hamuulizi jua litaingilia wapi mwezi wa saba. Baridi ikishuka, kuta zinauma kama barafu, nanyi mnaingiza jiko la mkaa chumbani walikolala watoto na kufunga madirisha. Gesi ya mkaa huo, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Haibishi hodi.

Na nyumba hiyo mlikwisha kuichoma mara ya kwanza kabla haijasimama. Teremkeni bondeni mkajionee. Kando ya kijito pana shimo la udongo, kwa kuwa mfyatuaji wa tofali hutaka maji ya karibu. Pembeni limesimama tanuri: tofali zimepangwa juu kwa juu na kukandikwa tope, chini yameachwa matundu ya kusokomezea magogo, na moto unalishwa usiku na mchana. Likipoa, mnabomoa. Za katikati zimeiva. Zilizokuwa midomoni mwa moto zimepindika na kugandana, na za nje zimetoka mbichi, zitamung'unyuka kwa mvua ya kwanza. Mnazitupa. Magogo yaliyoteketea kwa ajili ya hizo mnazotupa, nani atayarudisha?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mama aliyelima kinyungu, bustani yake ya mboga bondeni, anaambiwa aondoke. Mwenye tanuri anaachwa, eti huyo analeta maendeleo. Maji ya mabonde yetu hushuka hadi bonde la Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wanaokaa chini yetu wanakunywa tulichowabakizia.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Mmeshangilia, na ni haki. Lakini moto unaopika tofali mbona hamuusemi? Mama mnamhubiria aache kuni tatu za ugali, ilhali baba anateketeza lori zima la miti kwa ajili ya sebule.

Wala msiseme hakuna njia nyingine. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehimiza kwa miaka mingi tofali za kufungamana: udongo na saruji kidogo, mashine ya kushindilia kwa mkono, kisha zinamwagiliwa maji hadi zikomae. Hakuna gogo hata moja. Mnaziita tofali mbichi, mnazidharau kwa sababu hazina ule wekundu mliozoea.

Na jua je, nalo linauzwa? Sisi tuko takriban nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa sita, saa sita mchana, jua linainamia kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 30. Dirisha pana la upande huo hulipokea jua hadi ndani ya chumba. Mwezi wa kumi na mbili jua liko juu zaidi, tena limeegemea kusini kidogo, na upenu wa kawaida unatosha kulizuia. Hilo haliongezi hata shilingi moja katika makadirio ya fundi, ni kugeuza ramani tu. Ninyi mnageuzia ukuta mtupu kaskazini, mnaweka vioo vikubwa kusini, mnaezeka bati bila dari, joto lote la mchana linatoroka usiku. Wengine mmeiga paa la kuficha bati kutoka mjini, mkakata upenu, sasa mvua inachapa ukuta moja kwa moja. Gata hamfungi. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita 100 za mraba ni karibu lita 2,000, nanyi mnaiacha ichimbe msingi wenu huku binti amebeba ndoo kichwani.

Nanyi mlioko Dar es Salaam mnaotuma fedha kumjengea mama! Mnadai picha za vigae na geti. Mama anakaa wapi jioni? Yuko jikoni nje, kwenye moshi, amejitanda kitenge, kwa sababu nyumba mliyompa haikaliki. Mmemjengea kaburi lenye madirisha ya aluminiamu, halafu mnataka awashukuru.

Wazee wa kanisa na madiwani, ninyi ndio mnaoalikwa kuweka mawe ya msingi. Acheni kubariki matanuri. Kabla fundi hajafunga kamba za msingi, simameni kiwanjani, muulizeni kaskazini ni wapi, muulizeni tofali zimetoka bonde gani. Asipojibu, msishike mwiko.