Mali Bila Daftari

Ndugu yangu unayeishi kwa kalamu, wewe usiye na mwajiri wala mshahara wa mwisho wa mwezi, nina neno nawe. Neno hili lilinipata nikiwa kwenye foleni ya duka la kutoa kopi, jirani na geti la chuo kimoja, na mpaka leo linanichoma.

Mbele yangu alikuwapo binti mwenye kitabu. Kijana wa dukani alikifungua, akakilaza kifudifudi juu ya kioo, akakikandamiza kwa kiganja mpaka gundi ya mgongoni ikaalika. Mwanga wa kijani ukapita. Akageuza ukurasa, mwanga ukapita tena. Nilitazama tu, kama mtu anayesubiri zamu yake, mpaka jalada lilipogeukia upande wangu nikaona jina langu.

"Mdogo wangu," nikamuuliza, "mbona hukinunui?"

"Kaka, tumezunguka maduka yote, hakipo," akanijibu kwa adabu. "Hiki cha maktaba. Tunatoa kopi darasa zima."

Hakujua anazungumza na nani, nami sikumwambia. Ningemwambia nini? Mtoto wa watu alitaka kusoma. Wenye kosa tulikuwa wawili: mchapishaji wangu, aliyeacha kukichapa kitabu na kukataa kukiachia, na mimi, niliyetia sahihi karatasi yake nikiwa nimesimama kaunta, kwa kalamu ya kuazima, bila kusoma kifungu hata kimoja. Karatasi ilisema haki zote ni zake. Haikusema zitarudi kwangu lini. Nakala yake sikupewa, na sikuiomba.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumewaachia wenye maduka, kana kwamba riwaya, makala na tamthilia si mali. Ni mali! Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitambua hivyo. Andiko lako linalindwa tangu unapoliandika, halisubiri muhuri wa mtu, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Fikiri juu ya hiyo miaka 50. Unapotia sahihi bila kusoma, unatia sahihi kwa niaba ya wajukuu ambao hawajazaliwa. Na kwa kuwa kinacholindwa ni maandishi yenyewe, wazo tupu halina ulinzi, acha kuisimulia riwaya yako kijiweni. Iandike. Kisha peleka nakala kwenye Ofisi ya Hakimiliki, ile tuliyozoea kuiita COSOTA (wa Zanzibar waende COSOZA). Usajili haukupi haki, maana haki unayo tayari. Unakupa ushahidi siku ya ugomvi, na siku hiyo huja.

Najua kinachotumaliza. Tunasema, "Mhariri yule ni mtu wangu." Tunasema, "Tunaheshimiana, nitamdaije mkataba?" Ndugu yangu, kuandikiana hakuvunji heshima. Mwislamu anajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Mkristo anajua jinsi Waraka wa Yakobo, katika sura ya 5, unavyowakemea matajiri waliozuia ujira wa watu waliovuna mashamba yao. Maandiko hayo hayakuona haya kuzungumzia malipo. Wewe unaona haya gani kuuliza makala yako italipwa kiasi gani, na lini?

Ila ukiuliza peke yako utaambiwa wapo wengine kumi wanaoitaka nafasi hiyo. Ni kweli, wapo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapo ndipo ninapokusihi ujiunge na wenzako.

Mwaka 1993, huko Marekani, waandishi sita wa kujitegemea walifungua kesi. Makala walizoandikia magazeti zilikuwa zimeuzwa upya kwenye hifadhi za kompyuta bila wao kuongezewa hata senti. Jina la kwanza kwenye kesi lilikuwa la Jonathan Tasini, rais wa chama cha waandishi kiitwacho National Writers Union. Upande wa pili lilikuwapo gazeti la The New York Times. Mwaka 1997 wakashindwa. Hawakurudi nyumbani. Mwaka 1999 wakashinda rufaa, na Juni 2001 Mahakama ya Juu ikawapa haki yao, majaji 7 kwa 2. Miaka minane! Nani kati yetu, huku mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita, angesimama miaka minane bila chama nyuma yake? Katika jiji la New York sheria iliyoanza kazi mwaka 2017 inamtaka kila anayempa mtu wa kujitegemea kazi ya dola 800 au zaidi aandike mkataba, na kama mkataba hautaji siku ya malipo, alipe ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Walioidai ni wafanyakazi wa kujitegemea wenyewe, wakiwa wameungana.

Nasi hatukuanza jana. Washairi wetu walikuwa na UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi kilichoongozwa na akina Mathias Mnyampala, enzi ambazo hapakuwa na simu ya kuitishia mkutano. Leo waandishi wa vitabu wanayo UWAVITA. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari moja moja anayo klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wake chini ya UTPC, muungano wa klabu hizo. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, linasajili wafasiri, na tafsiri imewalisha waandishi wengi wakati riwaya ikisubiri mchapishaji. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na Taasisi ya Elimu Tanzania inasimamia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Una mswada chini ya godoro? Utoe!

Utaniambia vyama vyetu vimelala, vinaamka siku ya uchaguzi. Vingine ndivyo vilivyo, na viongozi wake wasikie: mwanachama anayedhulumiwa malipo ya makala moja anastahili barua ya chama kabla ya wiki kwisha. Lakini nani atakiamsha chama ikiwa wewe hulipi ada? Kadi za harusi unachangia, hata ya mtoto wa jirani wa shangazi. Kikoba hukosi. Ada ya chama kinachokulindia riziki ndiyo unayosema mwaka huu hali ngumu.

Basi anza na wachache. Sisi tulianza watano, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwenye baraza la mwenzetu mmoja. Tuna daftari la kaunta lenye safu nne: kazi, aliyepewa, tarehe, kilicholipwa. Sharti letu ni moja tu, kwamba hakuna anayetia sahihi mkataba kabla wengine hawajausoma kwa sauti. Mwezi wa tatu alikuja dada mmoja na mkataba wa kitabu cha watoto. Tulipofika kifungu cha nne, kile cha haki zote, nilimwomba asimame hapo, nikawasimulia habari ya mwanga wa kijani. Tukachukua kalamu ya risasi, tukaandika pembeni: kitabu kikikosekana madukani miezi kumi na miwili, haki zirudi kwa mwandishi.

Aliondoka akitetemeka. Alidhani watamrudishia mswada wake. Jumatano jioni akanipigia, nikasikia kelele za stendi nyuma yake.

"Kaka, wameusoma. Wamesema sawa."

"Na nakala yako?"

"Ninayo mkononi."