Shahidi Aliyepindwa Njiani

Tarehe 29 Mei, 1919, jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilivuka Atlantiki, kikapita kisiwa cha Príncipe, kikakata Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Huko Príncipe mtaalamu Mwingereza, Arthur Eddington, alipiga picha za nyota zilizoonekana kando ya jua lililofunikwa. Nyota zilionekana kana kwamba zimesogea kidogo. Hazikusogea, nuru yake ndiyo iliyopindwa na uzito wa jua, kama Einstein alivyokwisha kutabiri.

Makundi ya galaksi, yenye uzito upitao jua kwa matrilioni, hupinda nuru hata kitu kimoja kikaonekana mara nyingi. Mwaka 2014 darubini ya Hubble ilionyesha mlipuko wa nyota moja ya mbali mahali panne. Wataalamu wakaupigia hesabu uzito uliokuwa njiani, wakasema picha nyingine ingali yaja kwa njia ndefu zaidi. Ikafika Desemba 2015.

Basi, katika picha zile, ipi ilikuwa ya uongo? Hakuna. Wala hakuna iliyofika kwa njia iliyonyoka.

Twauliza kwa sababu ya mashauri yanayosikika kila siku pembezoni mwa Dar es Salaam, Temeke na Kinondoni. Mjane ashindana na shemeji yake juu ya mpaka wa kiwanja; mashahidi wanne waitwa mbele ya wazee wa mtaa, na kila mmoja auonyesha mpaka mahali pake. Upesi watu husema: "Watatu wamelipwa." Pengine ni kweli, rushwa si ngeni kwetu. Lakini pengine mmoja alikuwa na deni kwa marehemu, mwingine ni ndugu wa damu, wa tatu aliuona mpaka kabla mnazi haujakatwa. Mwenye kuamua hana ruhusa ya kuwafukuza wote, wala kumchagua ampendezaye. Yampasa kuupima uzito uliosimama kati yao na jambo lenyewe. Ni kazi ndefu, na mjane hana nauli ya kurudi kila juma.

Msomaji atasema kwamba twampa mwongo kichaka cha kujificha. Tungekubali, kama mtu na nuru vingekuwa sawa. Nuru hupindwa bila kuulizwa, wala haiwezi kutaja kilichoivuta. Mtu aweza. Kwa hiyo kosa la shahidi, twaona, si kuvutwa bali kuficha kilichomvuta. Yule wa kwanza angaliweza kuanza hivi, kabla hajanyosha kidole: "Wazee wangu, marehemu alinidai, nisemayo yasikieni mkijua hivyo."